Usiguse ufunguo kwanza

Ndugu yangu, pole kwa kumpoteza mzee. Umeuliza kama Datsun 240Z yake, iliyolala gereji hapo Katuba miaka 11, itawaka ukifunga batri mpya tu. Nakuomba, usiguse ufunguo kwanza.

Toa bujia, yaani plagi, zote 6. Mimina oili kijiko kimoja cha chai katika kila tundu, uache siku mbili. Kisha shika bolti ya mbele ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa spana ndefu, uzungushe injini kwa mkono, polepole. Ikikataa, usilazimishe: ongeza oili, subiri. Pete za pistoni zikiwa zimeshika kutu na starta ikazilazimisha, unaweza kuharibu injini ambayo ingepona.

Petroli ya zamani imwage yote. Niliyoitoa kwenye gari la mjomba, Kamalondo, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu kali ya vanishi. Kabureta zake zote mbili, zinazochanganya petroli na hewa, zilikuwa zimeziba. Za mzee nazo zifungue, uzisafishe.

Badilisha oili, na pia mafuta ya breki, maana hayo ya breki hunyonya unyevu. Matairi ya umri huo usiyaamini hata yakionekana mazuri.

Ikigoma hata baada ya hapo, niandikie.