Mbuta mfupi kuliko mkono wako, mrudishie dalali

SWALI: Salamu mama. Nina kibanda cha samaki wa kukaanga Kawangware. Kila mwaka ikifika Aprili omena (dagaa wa ziwani) inaadimika, na bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, haishikiki. Naambiwa serikali imefunga ziwa. Sasa kuna dalali wa soko la Gikomba anayeniletea mbuta (sangara) wadogo, watatu kwa bei ya mmoja. Wateja wanawapenda kwa sababu mtu anapata samaki mzima kwenye sahani. Dalali anasema sheria ni ya wavuvi, mchuuzi wa Nairobi haimhusu. Ni kweli? Na kwa nini watufungie omena miezi minne, na ndiyo kitoweo cha mnyonge?
– Mama wa Kibanda, Kawangware

JIBU: Dada yangu, huyo dalali anakudanganya, na anajua. Sheria ya uvuvi ya 2016 haimwandami mwenye wavu peke yake. Anayeuza samaki waliovuliwa kinyume cha sheria naye ana kesi ya kujibu. Siku mzigo utakaposhikwa, yeye atakuwa ameshapokea hela zake na kutokomea. Utakayekutwa na beseni ni wewe.

Mbuta wa Ziwa Victoria anatakiwa avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Walio chini ya hapo wengi hawajazaa hata mara moja. Walio juu ya hapo karibu wote ni majike, na ndio wanaolijaza ziwa, ingawa mabondo yao, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yana soko China na kila mtu anawawinda. Huna haja ya rula. Weka kiwiko chako kwenye mkia wa samaki na unyooshe vidole kuelekea kichwani. Mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, unakaribia sentimita 45. Kichwa kisipopita ncha ya kidole kwa upana wa vidole vitatu hivi, huyo ni mtoto, mrudishe. Na akiletwa ameshakatwa kichwa, uliza kichwa kiko wapi.

Nimeuza samaki Gikomba miaka mingi, na najua hao wadogo wanavyosafiri. Lori likifunguliwa alfajiri, kreti za juu zina mbuta wa kupendeza, macho yanang'aa. Wadogo wako chini kabisa, barafu imeyeyuka, wanaogelea kwenye maji ya damu. Bei yao ni rahisi kwa sababu hakuna kiwanda cha minofu kitakachowapokea. Soko lao ni sisi wa vibanda. Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize: mvuvi hanunui wavu wa matundu madogo kwa ukorofi. Ana deni la mafuta ya boti, ana tajiri mwenye mtumbwi anayemsubiri ufuoni, na amesikia kwamba Nairobi wadogo wanachukuliwa. Kamati ya ufuo, ile BMU iliyowekewa kanuni mwaka 2007, inaweza kuchoma nyavu haramu leo. Kesho zitanunuliwa nyingine kama sisi bado tunatoa pesa.

Sasa omena. Kwanza, halifungwi ziwa zima. Kinachosimamishwa upande wa Kenya ni uvuvi wa omena, kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai, ili ipate kuzaana. Mbuta na ngege (sato) wanaendelea kuvuliwa. Tatizo la wavu wa omena ni kwamba matundu yake ni madogo mno. Ukivutwa karibu na ufuo, unazoa pia vifaranga vya mbuta na vya ngege waliojificha kwenye majani. Halafu ni majira ya masika. Omena huanikwa chini juani, juu ya nyavu kuukuu. Ikinyeshewa inaoza na kuishia kwenye chakula cha kuku. Hiyo ya Mei unayoililia, nyingi usingeitaka.

Lakini malalamiko ya wavuvi wetu nayaelewa, na siwezi kuyapuuza. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda, na wao wana kalenda zao. Kwa hiyo mtu wa Homa Bay ananing'iniza wavu huku akitazama magunia ya omena ya Mwanza yakipita kwenda Nairobi. Samaki hajui mpaka. Kwa maoni yangu nchi tatu zingefunga pamoja, na anayekaa bila kazi miezi minne angepewa cha kumshikilia. Watu hukubali kufunga maji wakiona faida inawarudia: kule Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 wavuvi wenyewe walitenga kipande cha bahari yao wasikivue, na samaki wakarudi.

Na wewe uuze nini? Nunua omena mwezi wa Machi, gunia moja au mawili kadiri ya mfuko wako. Chota kiganjani na uipeperushe: ikichakarisha na kung'aa kama fedha, ni kavu, ikishikana au ukiona mchanga umebaki kiganjani, achana nayo. Iweke juu ya mbao, mbali na sakafu, itakufikisha Julai bila shida.

Kwa wateja wanaotaka samaki mzima, chukua ngege wa vizimba. Hao wamefugwa na hutolewa wakiwa saizi ya sahani, kwa hiyo udogo wao si kosa. Muulize anayekuuzia wametoka kizimba gani. Mwenye mzigo halali hujibu bila kumung'unya maneno.

Na mgongo wazi usiudharau. Ni mifupa ya mbuta wakubwa baada ya viwanda kutoa minofu ya kwenda ng'ambo, na nyama iliyobaki shingoni ni tamu kuliko hiyo minofu. Ununue asubuhi, uupake chumvi mapema, mafuta yawe moto kweli kweli. Vichwa viuze peke yake, kwa supu.