Je, Mtutu Mrefu Hufikisha Rangi Mbali Zaidi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ipagala, Dodoma. Mimi na wenzangu kumi na mmoja tumeanza mchezo wa kurushiana rangi, yaani peintiboli, katika shamba la baba yangu mdogo lililo njia ya kwenda Hombolo. Bunduki tunazotumia ni za kukodi na mitutu yake ni mifupi, kama sentimita 20. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue mtutu wa sentimita 40 kwa shilingi laki tatu, akidai kwamba utafikisha kidonge cha rangi mbali zaidi na kukinyoosha hadi kwenye shabaha. Mdogo wangu anasema bunduki zote za mchezo huu ni sawa, na kinachotofautiana ni bei tu. Nani anasema kweli?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usitoe hizo laki tatu kwanza. Kuhusu umbali, mdogo wako ameukaribia ukweli kuliko muuzaji. Kuhusu shabaha, wote wawili wamekosea, kwa sababu bunduki hizi kweli hazilingani, lakini kinachozitofautisha si urefu wa mtutu.

Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha milimita 17 na ushei, kama punje nene ya zabibu za hapa kwetu, na uzito wa gramu 3 hivi. Kitu kinene na chepesi namna hiyo huzuiwa sana na hewa. Viwanja vingi duniani vimeweka kikomo cha kasi kisichozidi futi 300 kwa sekunde, yaani takriban mita 91, ili rangi isimjeruhi mtu na miwani ya kinga iweze kuhimili pigo. Kidonge kikishatoka mtutuni, safari yake inategemea kasi kiliyotoka nayo, pembe kiliyorushwa, mzunguko wake kama upo, na hewa kinayoipasua. Kwa hiyo vidonge viwili visivyozunguka, vyenye kasi moja na pembe moja, vitaanguka umbali ule ule, hata kama kimoja kimetoka katika bunduki ya laki mbili na kingine katika bunduki ya milioni mbili.

Ukipiga hesabu utaona jinsi hewa inavyotawala mchezo huu. Kidonge kilichotoka kwa mita 90 kwa sekunde, kikifika mita 30, kimepoteza karibu nusu ya kasi yake, kimetumia karibu nusu sekunde na kimeshuka takriban mita moja. Upepo wa pembeni wa mita 5 kwa sekunde, ambao kwa Dodoma ni jambo la kawaida, utakuwa umekisukuma zaidi ya nusu mita. Tunachopata bure ni mwinuko: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, na kidonge hupaa mbali kidogo kuliko kule Dar es Salaam.

Sasa turudi kwenye mtutu. Hewa inayosukuma kidonge humaliza sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya sentimita 20 hadi 30 za mwanzo, na baada ya hapo msuguano huanza kula kasi. Hata kama mtutu mrefu ungeongeza kasi, msimamizi makini mwenye kipima kasi angekuamuru uipunguze hadi kwenye kikomo, nawe ungerudi pale pale. Yale matundu yaliyotobolewa karibu na ncha hupunguza mlio, basi.

Katika usahihi wa shabaha ndipo bunduki zinapoachana, na jambo la kwanza ni kasi isiyobadilika. Risasi moja ikitoka kwa mita 90 na inayofuata kwa mita 81, huku mkono wako haujatikisika, kwenye mita 30 zitapishana kwa wima karibu sentimita 20. Kazi ya kuzuia tofauti hiyo ni ya regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo la hewa, pamoja na vali. Ikiwa mitungi yenu ni ya hewa ya ukaa, angalieni sana jua: shinikizo ndani ya mtungi ni takriban baa 57 kwa nyuzi joto 20, nalo hupanda hadi baa 72 kwa nyuzi 30. Bunduki mliyoipima asubuhi itapiga kwa nguvu zaidi saa saba mchana, na mkifyatua mfululizo mtungi utapoa na nguvu zitashuka. Mtungi wa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, wenye regyuleta nzuri, hautetereki hivyo. Ningekuwa wewe, fedha yangu ingeanzia hapo.

Jambo la pili ni kidonge chenyewe na jinsi kinavyoenea katika mtutu. Fungua mtutu uutoe kabisa kwenye bunduki, tumbukiza kidonge kwa upande wa nyuma, kisha upulize kwa mdomo. Kikiteleza na kuanguka chenyewe, mtutu ni mpana mno. Kikigoma hata ukipuliza kwa nguvu, ni mwembamba mno. Kikikaa na kutoka kwa pumzi moja, umepata. Halafu kishike kwenye mwanga na ukizungushe polepole kati ya vidole viwili. Utaona mshono mahali maganda mawili ya jelatini yalipounganishwa. Mshono ukiwa umevimba, au ubavu mmoja ukiwa umebonyea kwa kulala mfukoni kwenye joto, hakuna mtutu utakaokinyoosha kidonge hicho. Kiangazi chetu kikavu hufanya ganda liwe gumu na jepesi kupasuka, na kidonge kikipasukia ndani, rangi iliyobaki ukutani mwa mtutu itaharibu shabaha zote zinazofuata hadi uusafishe. Hifadhini vidonge ndani ya nyumba, mahali pa baridi, katika mfuko uliofungwa.

Na miwani isivuliwe uwanjani hata kwa sekunde moja, maana jicho halina kipuri.

SWALI: Nimeona mtutu uliopinda kidogo, unaosemekana kuongeza umbali. Ni kweli au ni biashara?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Ni kweli, na hapa ndipo umbo la bunduki linapogusa umbali. Mtutu wa namna hiyo, kama Flatline wa kampuni ya Tippmann, hufanya kidonge kisuguane na ukuta wa juu na kutoka kikizunguka kuelekea nyuma. Mzunguko huo hukinyanyua hewani, hivyo kikaenda bapa na mbali zaidi bila kasi kuongezwa. Gharama yake ni kwamba unadai vidonge vya duara safi, rangi ikipasukia ndani kazi huharibika mara moja, na kidonge hufika kikiwa kimechoka kiasi kwamba mara nyingi humgonga mtu na kudunda bila kupasuka. Katika vichaka vya migunga, ambako wachezaji huonana kwa mita 20 tu, sioni utakapokusaidia. Katika uwanja wa wazi usio na upepo mkali, unaweza kuujaribu.