Jibu: Jeshi liliingiaje kwenye korosho mwaka 2018?

Mkuu, umeuliza ilikuwaje wanajeshi wakabeba korosho zetu mwaka 2018. Anzia Juni, bungeni. Sheria ilibadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa inarudi kwenye zao, ikahamishiwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele wee, wapi!

Oktoba minada ikafunguliwa. Wakulima wa Tandahimba na Newala, wilaya za Mtwara, ambao msimu wa nyuma walishaiona shilingi 4,000 kwa kilo, wakaletewa bei zisizofika hata 3,000. Wakagoma kuuza. Hapo ndipo mambo yalipochacha: Novemba 10 Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, Tizeba wa Kilimo na Mwijage wa Viwanda, siku mbili baadaye akatangaza serikali itanunua zote kwa 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi, JWTZ, yakateremka kubeba korosho Mtwara na Lindi.

Bei ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Kilichoumiza ni uhakiki. Mwenye kilo nyingi alitakiwa aonyeshe shamba, eti asije akawa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya minada. Wapo waliolipwa mapema, na wapo waliongoja hadi mwaka uliofuata huku mikorosho ikidai palizi na salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu.