Kampuni ya vinywaji ipimeje athari zake kwa jamii na mazingira?

SWALI: Mimi ni ofisa ubora katika kiwanda cha juisi na maji ya chupa mkoani Pwani. Mananasi tunayanunua Kiwangwa na maji tunayavuta kutoka kisima chetu kirefu. Benki tuliyoiomba mkopo wa mtambo mpya imetutaka tuwasilishe taarifa ya athari zetu kwa jamii na mazingira. Tunazo takwimu za miti tuliyopanda, madawati tuliyotoa shuleni na idadi ya wafanyakazi. Je, zinatosha? Na tutajuaje kwamba mkulima amenufaika kwa sababu yetu?

JIBU: Ndugu msomaji, takwimu hizo hazitoshi. Zinaeleza mlichofanya, wala hazielezi kilichobadilika kutokana na mlichofanya. Aidha, miti na madawati ni misaada ambayo hata kampuni ya saruji ingeweza kuitoa. Benki inataka kujua athari za biashara yenyewe: ili lita moja ya juisi imfikie mnywaji, kitu gani kimechukuliwa, kimechukuliwa kwa nani, na nani amebaki na nini.

Kwa kiwanda cha vinywaji, mahali pa kuanzia ni maji. Gawanyeni maji yote yaliyovutwa kisimani kwa lita za vinywaji zilizotoka kiwandani katika muda uleule, kisha mfuatilie uwiano huo kila mwezi. Mita moja ya kisimani haitawafaa sana, kwa kuwa haitaonyesha maji yanapopotelea. Fungeni nyingine kwenye uoshaji wa chupa, usafishaji wa matangi na mabomba, boila, na vyoo. Kisha mtu asome mita zote siku ambayo uzalishaji umesimama, jioni na alfajiri inayofuata. Mita ikiwa imesogea wakati hakuna aliyefungua bomba, pana mvujo, na huo utakuwa upotevu wa kwanza mnaoweza kuuzuia bila kusubiri mkopo.

Hata hivyo, maji ya kiwandani ni sehemu ndogo ya maji yote. Mwaka 2009 kampuni ya bia ya SABMiller na shirika la uhifadhi wa mazingira la WWF walichapisha hesabu ya maji yaliyotumika kuanzia shambani, wakakuta kwamba lita moja ya bia ilihitaji lita 155 nchini Afrika Kusini na lita 45 nchini Czech, na kwamba kwa Afrika Kusini zaidi ya asilimia 98 ya maji hayo yalitumika kwenye kilimo. Tofauti hiyo kubwa ilitokana zaidi na hali ya hewa na umwagiliaji kuliko na mitambo. Kwenu, mananasi ya Kiwangwa kwa sehemu kubwa hutegemea mvua, kwa hiyo ningeielekeza shaka yangu kwenye sukari. Muulizeni anayewauzia inatoka nchi gani na kama miwa yake ilimwagiliwa, kwa maana huenda mzigo mkubwa zaidi wa maji katika chupa yenu uko kwenye bonde la mto ambalo hamjawahi kuliona.

Jambo lingine ni kwamba lita moja haina uzito uleule kila mahali. Kiwanda cha Coca-Cola cha Plachimada, katika jimbo la Kerala nchini India, kilianza kazi mwaka 2000 na kikasimamisha uzalishaji mwaka 2004, baada ya wanakijiji kulalamika kwamba visima vyao vinakauka na maji yake hayanyweki, na halmashauri ya kijiji ikakataa kuhuisha leseni. Uwiano wa maji kwa kila lita ya kinywaji, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kuonyesha hatari ya namna hiyo. Kinachoionyesha ni kina cha maji ardhini. Pimeni kina cha kisima chenu kila mwezi pampu ikiwa imepumzika, pimeni na visima viwili vitatu vya majirani kwa ridhaa yao, kisha linganisheni vipimo hivyo na masharti ya kibali mlichopewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Majirani nao wapewe nakala.

Majitaka ya juisi yamejaa sukari na nyuzi za matunda, na yakiingia mtoni humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Kipimo chake kikuu ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo majini, na viwango vya Tanzania haviruhusu zaidi ya miligramu 30 kwa lita. Sampuli ichukuliwe pale maji yanapotoka nje ya kiwanda, tena saa ambayo matangi yanaoshwa. Sampuli ya asubuhi, kabla kazi haijachanganya, itawapa namba nzuri isiyo na maana yoyote.

Kwa plastiki, andikeni kilo mlizoingiza sokoni na kilo zilizorudi kweli kwa wanaochakata, kisha mseme waokota chupa walilipwa kiasi gani kwa kilo. Kwa gesi joto, hesabuni dizeli na umeme, na msiyasahau majokofu mnayowapa wenye maduka: gesi ya kupozea ya R134a, ambayo bado imo katika majokofu mengi, ikivuja hupasha joto anga zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa.

Sasa nije kwa mkulima, ambaye ndiye kiini cha swali lako. Jumla ya fedha mlizolipa Kiwangwa haitoshi kuonyesha faida aliyopata, kwa kuwa angeweza kumuuzia dalali wa Dar es Salaam nanasi lilelile. Linganisheni bei yenu na bei ya dalali ya siku ileile, papo hapo shambani. Ulizeni malipo yanachukua siku ngapi kumfikia mkulima, na matunda mnayoyakataa getini hasara yake inabebwa na nani. Mara nyingi bei nzuri iliyoandikwa kwenye mkataba huliwa na mambo hayo mawili. Halafu chagueni kundi la wakulima wanaowauzia na kundi la wasiowauzia katika vijiji vilevile, wanaolingana kwa ukubwa wa shamba na umbali kutoka barabarani, mpime kipato chao baada ya kutoa gharama, mwanzoni na miaka miwili baadaye. Mkiacha kuwalinganisha hivyo, mtajipa sifa ambazo si zenu, kwa sababu wanaofika kwanza kwa mnunuzi mpya kwa kawaida ndio waliokuwa na uwezo tangu awali.

Pimeni pia utegemezi. Nchini Kenya, bia ya Senator Keg, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuja kuwa soko kubwa la mtama wa wakulima wadogo huku ikiuzwa kwa bei nafuu kutokana na msamaha wa ushuru. Msamaha huo ulipopunguzwa mwaka 2013 mauzo yaliporomoka, na mahitaji ya mtama yakashuka nayo. Taarifa yenu ionyeshe ni asilimia ngapi ya mavuno ya kila mkulima inategemea kiwanda chenu pekee.

Kuna athari moja ambayo kampuni nyingi huiruka, nami nakuomba usiiruke: kinywaji chenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari huru, yaani hasa ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na sukari iliyomo katika juisi ya matunda huhesabiwa humo hata kama haikuongezwa nyingine. Jumla ya sukari mliyouza kwa mwaka, na gramu zilizomo katika kila mililita 100, ni haki ya msomaji wa taarifa yenu kuzijua.

Ratiba itawabana katika jambo moja. Utafiti wa wakulima na vipimo vya visima vinapaswa kukamilika kabla mtambo mpya haujawashwa, kwa kuwa hali ya awali haiwezi kupimwa baada ya kubadilika. Mahojiano yafanywe na mtu asiyehusika na ununuzi. Mkulima hatamwambia anayempangia bei kwamba bei hiyo haimtoshi.