Usitazame kashata, soma tarehe ya tairi

Ndugu mleta mada, simamisha kila kitu. Umeuliza nta ipi itang'arisha gari lako la mwaka 1966 mbele ya majaji wa maonyesho ya magari ya zamani, ubebe vipuri gani kwa safari ya kilomita 600, na uondoke saa ngapi ili usikwame kwenye foleni ya sikukuu. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, ukadokeza kuwa matairi hayana tatizo kwa sababu "kashata (meno ya tairi) ni nzima na hayajatembea hata kilomita 3,000". Maneno hayo niliwahi kuyatamka mimi mwenyewe, nayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye maonyesho kama hayo gari langu likiwa limepandishwa juu ya lori, siku moja baada ya washindi kurudi kwao na makombe.

Aliyeniuzia gari alilipiga tairi teke mara mbili mbele yangu, akasema mpira hauozi, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaridhika kana kwamba teke ni kipimo. Fundi niliyempelekea gari kabla ya safari aliongeza kosa juu ya kosa: alipima upepo, akatazama kashata, akapokea hela ya ukaguzi, wala hakuinama kusoma ubavu wa tairi hata moja.

Nikiwa katika mwendo wa kilomita 95 kwa saa, jua la utosi likiwaka na buti likiwa limejaa mizigo ya familia nzima, tairi la nyuma la kushoto lilianza kutetema kwa namna niliyodhani ni ubovu wa barabara. Dakika chache baadaye ngozi yake yote ya juu ilichunika, ikawa inazunguka na gurudumu na kulicharaza gari kama mjeledi, ikapasua madigadi na kung'oa bomba la breki. Magari mengi ya umri huo yana mfumo mmoja tu wa breki, kwa hiyo mafuta yakimwagika mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki; pedeli ilizama hadi sakafuni, nikashusha gia na kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo, huku mke wangu akisali kwa ufasaha ambao sikujua kuwa anao.

Tairi la akiba lilikuwa kongwe kuliko yote manne. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu, na hata yangekuwa wazi, tairi jembamba la saizi ya zamani halikai dukani likikungoja. Madigadi ya gari lile hayatengenezwi tena, hivyo yalinyooshwa kwa nyundo siku nyingi, kisha ubavu mzima ukapakwa rangi kwa sababu rangi mpya ilikataa kufanana na ya zamani. Kwa fedha hizo ningenunua seti tatu za matairi.

Gari la maonyesho huua matairi kwa kukaa, si kwa kutembea. Mpira huendelea kuliwa na oksijeni, ozoni na joto hata gari likiwa limefunikwa gereji, na tabaka za ndani huanza kuachana mahali ambapo jicho halifiki, huku kashata zikibaki nzuri kama za dukani. Kwa hiyo lala chini ya gari na tochi, kwa kuwa mara nyingi msimbo kamili, wenye tarehe ya kutengenezwa kwa tairi, huwa upande wa ndani, utafute herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Ukikuta tarakimu tatu, kama nilivyokuta kwenye lile la akiba, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na kazi inayolifaa ni bembea ya watoto. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 hata kama tairi linaonekana zima. Mimi, kwa safari ndefu yenye joto na mzigo, sivuki miaka 6, na anayeniita mwoga aje aone risiti za fundi bodi.

Vipuri beba mkanda wa feni na plagi. Nta paka yoyote. Lakini kabla hujalipia hoteli, chukua tochi uandike hapa tarakimu za matairi yote matano.