Mimi napimwa, bomba halipimwi

Mmeuliza wiki hii: ni nini hasa huamua jinsi serikali inavyokabili mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza? Najua wengi watajibu pesa. Mimi nauza chapati na maharagwe Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na nasema huamuliwa na nani ameugua, na nani ni rahisi kushikwa.

Mwaka 2017 kipindupindu kilizunguka mitaa yetu bila kelele nyingi. Mtu wa Mukuru akiharisha si habari. Kilipoingia kwenye mikutano ya hoteli kubwa, wageni wenye beji shingoni wakalazwa, ndipo mambo yakaenda mbio. Vyeti vya afya vya wapishi vikafutwa, tukaambiwa tupimwe upya. Nikapiga foleni na kikopo changu mkononi, na sikulalamika. Anayelisha watu apimwe. Lakini kabla wiki haijaisha askari walikuja na lori wakamwaga sufuria yangu ya maharagwe mtaroni, cheti kipya kikiwa kinaning'inia pale ukutani.

Mtaro wenyewe ndio ungepimwa. Ndani yake zinapita bomba za plastiki nyembamba kama kidole gumba, zimepishana huku na huku. Moja ikipasuka, fundi hufunga kipande cha tyubu ya baiskeli, basi. Maji yakiwa na nguvu, yanavuja kwenda nje. Siku za mgao yakikatwa, bomba linabaki tupu na linanyonya kilichomo mtaroni. Yakirudi, mtungi wa kwanza ni wa kijivu. Kwa hivyo kwetu anayerauka ndiye anayechota ugonjwa.

Kumpima mpishi ni kazi ya asubuhi moja, na picha ya gazetini inapatikana. Kulaza bomba la maana na la maji taka ni kazi ya miaka, na ardhi yenyewe ina hati za watu wasioishi hapa.

Wala si tabia ya jana. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, utawala wa Mwingereza uliteketeza soko la Wahindi kwa moto.

Kuna pia hofu ya soko la ng'ambo, na hapa naielewa serikali kidogo. Mwishoni mwa 1997 Ulaya ilikataa samaki wabichi kutoka Kenya na majirani zake kwa sababu ya kipindupindu, na wavuvi wa ziwani wakaumia. Ukishaona hivyo, unajifunza kunong'ona. Ukimwi nao: mgonjwa wa kwanza alithibitishwa nchini mwaka 1984, lakini Rais Moi alikuja kuutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Miaka 15! Hesabu mwenyewe waliozikwa katikati hapo.

Korona ilikuja kwa ndege, ikiwa na pasipoti. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye agizo la kufunga shule likatoka, na tarehe 27 kafyu ikaanza. Mbio hizo hatukuwahi kuziona kwa kipindupindu. Ila walioletwa kwetu kwanza walikuwa polisi. Mwisho wa mwezi huohuo mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, hapa hapa Nairobi.

Niseme na la haki: mwaka huohuo visima vilichimbwa mitaani na maji yakagawiwa bure. Kumbe iliwezekana. Kilichobadilika ni kwamba mikono yetu michafu ilikuwa imeanza kumtisha mtu wa Lavington, mtaa wa matajiri, kwa sababu ndiyo inayompikia na kumfulia.

Cheti changu kinaisha mwezi ujao, hudumu miezi sita tu, kwa hivyo nitarudi foleni. Bomba linalopita nyuma ya kibanda lilifungwa tyubu nyingine Jumanne.