Sataranji ya Mtandaoni: Cheza Polepole, Kisha Uuchunguze Mchezo Wako

Anayetaka akili yake ifaidike na sataranji ya mtandaoni na autazame kwanza muda anaouchagua, kabla hajahangaika na kukariri hatua za kuanzia. Tovuti za sataranji za Lichess na Chess.com humpa mchezaji hiari ya kucheza kwa dakika moja, tatu, kumi au zaidi. Vijana wengi ninaowaona hapa Lamu, wakiwa wameketi barazani baada ya Isha na simu mikononi, huchagua dakika tatu, wakamaliza mchezo mmoja na kuingia mwingine hata bando likaisha. Mchezo wa kasi una ladha yake, wala siukatazi, lakini humzoeza mtu kusogeza kete kwanza na kufikiri baadaye, nayo ni tabia iliyo kinyume kabisa na faida tunayoitafuta. Mimi hushauri dakika 15 kwa kila mchezaji, pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ili asiwepo wa kushindwa kwa saa ilhali kete zake ziko vizuri.

Muda huo utumike kwa swali moja, nalo liulizwe kila mpinzani anapocheza: kwa nini amesogeza kete hii? Nilimfundisha mpwa wangu swali hilo kwa shambulio linalowaangusha karibu wanafunzi wote wa mwanzo. Mweupe husogeza askari wa mbele ya mfalme wake miraba miwili, kisha akamtoa askofu hadi mraba wa c4 na malkia hadi h5 (herufi hutaja safu ya wima ubaoni, na namba hutaja mstari wa mlalo). Mweusi, ambaye amekwisha kumsogeza askari wake wa mbele ya mfalme na kumtoa farasi wa upande wa malkia, humwona malkia yule amejitokeza mapema, akafurahi, akamtoa farasi wa pili hadi f6 ili amfukuze. Malkia hafukuzwi, humla askari wa f7, askofu akiwa nyuma yake anamlinda, na mfalme hana pa kutokea. Mpwa wangu alipofika katika hali hiyo alishika farasi, akamwachia, akautazama mraba wa f7 kwa muda mrefu, kisha akaniambia, «Mjomba, hapa mlinzi ni mfalme peke yake.» Akasogeza askari wa g hadi g6, akamziba malkia njia na kumtishia kwa hatua ile ile. Sijui zoezi jingine la nyumbani linalomfundisha mtoto kwa uwazi kama huo kwamba jambo linalovutia macho si lazima liwe ndilo lenye hatari.

Mchezo ukiisha, usiingie mwingine papo hapo. Hapa ndipo mtandao unapoushinda ubao wa mbao, kwa sababu kila hatua imehifadhiwa na unaweza kuirudia toka mwanzo hadi mwisho. Pitia mchezo wako peke yako kwanza, utafute mahali ulipoanza kuelemewa, ujieleze kwa maneno ulikuwa ukifikiri nini. Baada ya hapo ndipo uiruhusu Stockfish, programu ya kuchambua sataranji ambayo Lichess huitumia bila malipo, ikuonyeshe ulichokosa. Anayekimbilia jibu la kompyuta hupata jibu bila kupata fikra. Naona robo saa ya uchunguzi ina thamani kuliko michezo mitano ya ziada, hasa mtu aliposhindwa, maana aliyeshinda mara nyingi hatazami nyuma.

Yapo madai mengi kuhusu sataranji na akili, na wazazi huniuliza kama itapandisha alama za watoto wao shuleni. Mwaka 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio ambapo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde 5, kisha wakatakiwa kuupanga upya kwa kumbukumbu. Pale kete zilipotoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliwaacha mbali sana wanaoanza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Alichokuwa nacho ni maarifa ya sataranji yenyewe, yaliyojengeka kwa miaka, si kumbukumbu ya kila kitu. Nchini Uingereza utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2016, uliohusisha shule 100, uliwafuatilia watoto waliofundishwa mchezo huu darasani, na mwaka mmoja baadaye haukuona tofauti katika hisabati zao. Kwa hiyo mzazi asiondoe saa ya hisabati akaweka sataranji mahali pake. Ninachokishuhudia kwa watoto wanaocheza polepole ni cha aina nyingine: kutulia na jambo moja bila kurukaruka, kukubali kushindwa bila hasira, na kumtazama mwenzake kama mtu mwenye nia yake, nami nadhani hayo yanatosha kabisa kuupa mchezo nafasi nyumbani.

Kwa wazee, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 kuhusu watu waliozidi miaka 75 ulionyesha kwamba waliocheza michezo ya ubao, kusoma, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kidogo kuliko wasiofanya hayo. Hauthibitishi kuwa mchezo ndio uliowakinga, kwani huenda wenye akili timamu ndio wanaoendelea kucheza. Hata hivyo, wazee wanaokutana kucheza bao pale uwanja wa Mkunguni, hapa Lamu, wasihisi kwamba wamepitwa. Bao linataka hesabu na kumbukumbu nyingi, na lina mazungumzo ya ana kwa ana ambayo simu haiyatoi.

Suala la dini nalo huulizwa sana, na halifai kupuuzwa. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, kauli mashuhuri ni kwamba sataranji ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ila halijakatazwa, na huwa haramu ikiingia kamari au ikimpitisha mtu wakati wa sala. Mwenye shaka amwulize shekhe wake. Kwa upande wa matumizi, jiepushe na mchezo wowote wa kuwekeana pesa, na usianze mchezo wa nusu saa adhana ikiwa imekaribia.

Kwa mtoto, zima mazungumzo na wageni katika mipangilio, na katika Lichess unaweza pia kuificha namba inayopima kiwango cha mchezaji, ambayo huwafanya wengi wacheze kwa kuihofia. Kwa mvuvi au mtu mwenye mtandao wa kusuasua, uko mchezo wa barua, ambapo kila mmoja hupewa siku kadhaa kwa hatua moja. Fungua mmoja na ndugu yako aliye Mombasa au Malindi, chagua siku tatu kwa hatua, na kila mnapocheza mwandikiane sentensi moja ya sababu ya hatua hiyo.